Kapu moja, kila mtu na bili zake, au mfuko wa tatu? Njia za wanandoa kumaliza madeni ya nyumba Nairobi

Nyumba nyingi za Nairobi zina mishahara miwili, au mshahara mmoja na biashara ndogo, simu mbili, na madeni ambayo kila mmoja anajua nusu yake tu. Mume na mke wakiamua kuyalipa pamoja, jambo la kwanza la kukubaliana ni pesa zikae vipi. Njia zinazotumika ni tatu. Kuna wanaoweka kila shilingi katika kapu moja. Kuna wanaogawana bili, huyu kodi ya nyumba na karo, yule chakula na vitu vidogo vidogo. Na kuna wanaobaki kila mtu na pesa zake, lakini wote wanachangia mfuko wa tatu wa nyumba. Nitazilinganisha kwa kipimo kimoja: tarehe 20 ya mwezi ikifika, nani katika nyumba hii analazimika kukopa, na je, mwenzake anajua?

Nimechagua tarehe 20 kwa sababu mwanzo wa mwezi kila mpango huonekana mzuri. Mshahara umeingia, landilodi amelipwa kabla ya tarehe 5, kabati lina unga. Kufikia tarehe 20 gesi imeisha, tokeni za stima zimekaribia sifuri, mtoto amekuja na barua ya safari ya shule, na mshahara bado uko siku kumi mbele. Mikopo mingi ya simu huzaliwa katika siku hizo kumi. Mpango usiozijali siku hizo haulipi deni, unalihamisha tu kutoka simu hii hadi ile.

Kabla ya kuchagua, yote yaandikwe

Kila mmoja aombe taarifa yake ya M-Pesa ya miezi sita. Huja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri, mkaifungue mkiwa pamoja mezani, daftari likiwa karibu. Msiisome kutafuta nani alinunua viatu. Tafuteni mistari ya Fuliza (mkopo wa papo hapo wa M-Pesa salio lisipotosha), malipo ya programu za mikopo, na pesa zilizotolewa kwa wakala mara kwa mara bila maelezo. Kisha ongezeni yasiyoonekana kwenye simu: daftari la duka, mkopo wa chama (kikundi cha kuchangishana pesa), kochi la kulipia polepole, salio la karo, na udhamini.

Udhamini ndio husahaulika zaidi. Mtu akimdhamini mwenzake wa kazini kwenye Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, akiba yake mwenyewe imewekwa rehani. Mwenzake akiacha kulipa, Sacco huwageukia wadhamini. Mke au mume ana haki ya kulijua hilo kabla hamjahesabu ile akiba kama kimbilio lenu.

Mazungumzo yenyewe mara nyingi huwa hivi:

"Mama Wanjiku, hii elfu nne ya Fuliza ni ya lini?"

"Ni ile wiki mtoto alikuwa mgonjwa, Baba Wanjiku. Uliponitumia pesa za matumizi, ilizikata kabla sijafika sokoni. Ikabidi nichukue tena."

Hapo ndipo penye siri ya nyumba nyingi. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hujilipa yenyewe kwa pesa yoyote inayoingia kwenye laini. Mume akituma 6,000 za chakula kwa laini yenye deni la 4,000, mke anabaki na kama 2,000. Mume kichwani ana hesabu ya 6,000, na siku tatu baadaye anashangaa chakula kimeenda wapi. Mke naye anakopa tena ili watoto wale. Hakuna aliyetumia vibaya, ila wanaweza kugombana mwezi mzima.

Familia ya mfano

Ili ulinganisho uwe na nambari, tuchukue nyumba ya kubuni mtaa wa Umoja. Mume ni karani huko Industrial Area, na baada ya makato yote anabaki na 48,000. Mke ana saluni ndogo inayomwingizia 18,000 mwezi mbaya na hata 30,000 mwezi mzuri. Madeni yao ni haya:

| Deni | Kiasi (sh) | Gharama ya mwezi mmoja (sh) |
|---|---|---|
| Fuliza ya mke | 4,000 | 750 |
| M-Shwari (mkopo wa simu kupitia M-Pesa) ya mume | 10,000 | 750 |
| Mkopo wa chama wa mke, riba 5% kwa mwezi | 20,000 | 1,000 |
| Duka la mtaani | 3,500 | 0 |
| Sacco ya mume, riba 12% kwa mwaka | 180,000 | 1,800 |

Fuliza nimeihesabu kwa viwango vilivyopunguzwa mwaka 2022, shilingi 25 kwa siku kwa deni linalozidi 2,500, bila ile ada ya 1% ya kuanzia. M-Shwari hutoza 7.5% kwa siku 30, na zikipita bila kulipa, unatozwa tena. Ushuru sijauweka.

Tazama jedwali hilo vizuri. Deni linalowanyima usingizi ni lile la 180,000, kwa sababu ni kubwa na linaonekana kwenye hati ya mshahara. Lakini hayo matatu ya juu, ambayo jumla yake ni 34,000 tu, yanakula 2,500 kila mwezi, zaidi ya riba ya Sacco nzima. Nyumba hii ikijibana ili kulipa Sacco haraka huku ikiacha simu ziendelee kukopa, inajiumiza bure. Sacco inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara na riba yake hushuka kadiri salio linavyopungua. Iacheni iendelee hivyo.

Kapu moja

Pesa zote zinaingia mahali pamoja, bili zote zinatoka hapo, na kila mmoja anaomba nauli kutoka hapo. Kwa kasi ya kulipa madeni, hakuna njia inayoishinda hii. Hakuna pesa iliyojificha pembeni, na mwezi wa kwanza tu mnaona ziada ambayo hamkujua mnayo.

Udhaifu wake ni kwamba lazima kapu lishikwe na mtu. Laini ya M-Pesa husajiliwa kwa jina la mtu mmoja, kwa hiyo "kapu letu" kwenye simu ni kapu la mmoja wenu machoni pa kampuni ya simu na pa sheria. Mwingine anakuwa mwombaji. Nimeona mara nyingi kwamba anayeomba, hasa mke ambaye ana biashara ya pesa za kila siku, huchoka kueleza kila mia mbili. Mteja wa saluni akilipa taslimu, ile pesa haifiki kapuni, na hata mtu hawezi kumlaumu. Tarehe 20 ikifika, mshika kapu hana haja ya kukopa. Anayekopa ni yule aliyeona haya kuomba mara ya tatu wiki hiyo, na anakopa kimya.

Mkilichagua, lishikeni kwenye akaunti ya benki ya watu wawili. Benki itawauliza kama sahihi ya mmoja inatosha au lazima wote. Kwa pesa za madeni na karo, ningechagua lazima wote. Kwa matumizi ya kila siku, masharti hayo yatawatesa. Na kila mmoja atengewe pesa yake ya mfukoni isiyoulizwa, hata ikiwa 2,000. Bila hiyo kapu moja halidumu.

Kila mtu na bili zake

Huu ndio mtindo wa nyumba nyingi nilizozijua hapa mjini. Baba analipa nyumba na shule, mama analisha. Unaonekana wa haki, kila mtu ana heshima yake, na hakuna anayeulizwa maswali. Kwa nyumba isiyo na madeni sina shida nao.

Kwa nyumba yenye madeni ndio mbaya kuliko yote, na sababu yake haizungumzwi vya kutosha. Kodi ya nyumba haibadiliki kila wiki. Ukilipa 15,000 mwezi huu, mwezi ujao utalipa 15,000. Karo huja mara tatu kwa mwaka na tarehe zake zinajulikana. Lakini nyanya, sukari, mafuta ya kupikia na gesi hupanda wakati wowote, wageni hutokea Jumapili bila taarifa, na dawa ya kikohozi hununuliwa usiku. Aliyechukua bili ya chakula amechukua bili yote isiyotabirika. Kila bei ikipanda, inampanda yeye. Aliyechukua kodi na karo ana mzigo mkubwa lakini ulionyooka, na mwezi ukiisha hudhani kwa moyo safi kwamba amefanya zaidi.

Kwa hiyo katika mpango huu jibu la tarehe 20 linajulikana mapema: anayelisha ndiye anayekopa. Katika familia yetu ya mfano, angalia ni nani mwenye Fuliza, na ni nani mwenye mkopo wa chama. Saluni haikufeli. Ilikuwa ikiziba pengo la jikoni.

Kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema deni alilokuwa nalo mtu kabla ya ndoa kwa kawaida hubaki lake, lakini gharama zilizoingiwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa ni za wote wawili sawasawa. Mkopo ulionunua unga si "deni lako". Hata ukiwa kwenye simu yake, ni wenu.

Mfuko wa tatu

Kila mmoja anabaki na laini yake na biashara yake. Lakini gharama zote za nyumba, chakula kikiwemo, zinaingia katika hesabu moja, na madeni yanahesabiwa kama bili nyingine yoyote. Kisha kila mmoja anachangia kulingana na kipato chake, si nusu kwa nusu.

Kwa nyumba yetu ya Umoja: kodi 15,000, chakula 17,000, stima, maji na gesi 5,000, karo ya kuweka kando kila mwezi 6,000, kulipa madeni ya nje ya Sacco 8,000. Jumla 51,000. Sasa hesabu kipato cha mke kwa mwezi wake mbaya, yaani 18,000, wala si wastani. Wanandoa wengi huharibu hapa. Wakitumia wastani, miezi mibovu inamlazimisha kukopa ili atimize mchango. Kwa 48,000 na 18,000, mume anachangia kama 37,000 na mke kama 14,000. Mume anabaki na 11,000 za nauli, chakula cha mchana na kusaidia wazazi. Mke anabaki na 4,000. Saluni ikifanya vizuri, nusu ya ziada iende kwenye madeni, nusu ibaki kwa biashara.

Pesa za chakula zitoke kwenye mfuko kwa wiki, si kwa mwezi. Ada ya kutuma mara nne ni kubwa kuliko ya mara moja, lakini tofauti yake ni kama shilingi mia moja na ushee, ilhali siku chache tu za Fuliza zinaimaliza hiyo. Wiki ya tatu ikipungukiwa, upungufu unaonekana kwa wote tarehe 20, na mnaamua pamoja: mtoe kwenye ile 8,000 ya madeni, au mpunguze kitu. Hilo si kushindwa. Kupunguza malipo ya deni mwezi mmoja ni nafuu kuliko kufungua deni jipya la simu.

Ubaya wa njia hii ni kazi. Inahitaji kikao cha nusu saa kila wiki, na wanandoa waliochoka baada ya foleni ya Jogoo Road hawapendi kukaa na daftari. Pia inamtaka mwenye mshahara mkubwa akubali kutoa zaidi bila kupewa sauti zaidi. Wapo wanaume wasioweza kulimeza hilo, na wapo wanawake wenye mshahara mkubwa wasioweza pia.

Hata hivyo, kwa nyumba yenye mshahara mmoja na biashara moja, nachagua huu. Kwa wenye mishahara miwili ya kudumu na wanaoaminiana tayari, kapu moja la benki litawafikisha haraka zaidi.

Deni lipi kwanza

Washauri wa fedha hubishana kati ya kuanza na deni dogo ili mpate moyo, au lenye gharama kubwa ili mwokoe pesa. Nairobi mara nyingi mabishano hayo hayana maana, kwa sababu deni dogo ndilo ghali. Fuliza ikatwe kwanza, kwa laini zote mbili, kisha mjiondoe kabisa kwenye huduma hiyo. Inawezekana mkishalipa yote. Mpaka siku hiyo, pesa za chakula zisipitie laini yenye deni.

Baada yake M-Shwari, kisha chama. Duka la mtaani halitozi kitu, kwa hiyo kihesabu lingekuwa la mwisho. Sikubaliani. Mpelekeeni mwenye duka 500 kila wiki bila kukosa, kwa sababu daftari lake ndilo mkopo pekee usio na riba mtakaoupata tarehe 20 mambo yakiharibika.

Kwa 8,000 kila mwezi, bila kukopa tena, madeni yote ya nje ya Sacco yanaisha mwezi wa sita, mkiwa mmelipa takriban 7,500 za riba na ada.

Je, mkope Sacco mmalize yote mara moja?

Upande mmoja ni huo wa miezi sita. Upande wa pili, mume aongeze mkopo wa Sacco kwa 34,000, alipe Fuliza, M-Shwari na chama siku moja. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, na kwa 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, gharama ya mwezi wa kwanza inashuka kutoka 2,500 hadi 340. Mkiendelea kutoa zile 8,000, mnamaliza karibu mwezi wa tano kwa riba ya takriban 1,000, ukiacha ada ya maombi na bima ya mkopo.

Kwa nambari, Sacco inashinda wazi. Vikwazo ni viwili. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya mshahara, na wengi wenye mikopo tayari wamefika hapo. Kikwazo cha pili ni kizito zaidi: simu zikishakuwa safi, kikomo cha Fuliza huwa bado kiko pale, kinawangoja. Nyumba ikirudi kukopa, sasa ina deni la Sacco na la simu pia, na wadhamini kazini wako hatarini. Kwa hiyo ongezeni mkopo wa Sacco baada ya miezi miwili ya mfuko wa tatu bila kukopa tarehe 20. Mkiweza miezi miwili, mko tayari.

Hazina ya Hustler, mfuko wa serikali wa mikopo midogo uliozinduliwa Novemba 30, 2022, ina riba ya chini, 8% kwa mwaka, lakini mkopo wake wa binafsi ni wa siku 14. Hizo hazitoshi kubeba mzigo wa namna hii. Shailoki, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, msimkaribie, hata akidai logibuku (hati ya umiliki) ya gari tu. Na mtu asikope kwa hati ya nyumba mnayoishi bila mwenzake. Sheria ile ya 2013 inataka idhini ya maandishi ya wote wawili kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani.

Mmoja akikataa kufungua simu yake

Mfuko wa tatu hauwezekani bila madeni yote kujulikana, na wapo wasio tayari. Aibu ni kubwa, hasa kama kuna kamari ndani yake. Kama ni kamari, mwenye tatizo asishike pesa za madeni, na karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kama mwenzako anakutisha au anakupiga kwa sababu ya pesa, usiweke hata shilingi kwenye kapu la pamoja. Tafuta usalama wako na wa watoto kwanza.

Kwa waliobaki, ambao wanaona tu kwamba hesabu ni jambo la fedheha, kuna hatua ndogo ninayoiamini. Bakini na mpango wa kila mtu na bili zake, lakini mbadilishane bili kwa miezi miwili. Aliyekuwa akilipa nyumba na karo ashike chakula, gesi na dawa. Mwenzake ashike kodi ya nyumba. Kama vipato vinatofautiana sana, mwenye kikubwa amwongezee mwenzake tofauti tarehe 1, kwa mkupuo mmoja. Anayelisha aandike kila anachonunua nyuma ya daftari la duka, pamoja na bei. Baada ya miezi hiyo miwili wekeni orodha hiyo mezani kando ya risiti za kodi, na muanze kuhesabu kila mmoja achangie kiasi gani.